Fahali Aliyefutwa Kitabuni

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, nitakueleza upesi. Mama yangu, Akuam, alikufa, tukamzika Burat, huku Isiolo, nyuma ya nyumba, kando ya baba yangu, Lotukoi. Udongo haujashikana, akaja Bridget Mukami kutoka Meru, mwandishi wa vitabu vya mapenzi ya zamani. Alikuja na mkate na simu ya kurekodi. Yeye alitaka kujua wazee walivyopendana enzi za mkoloni. Mimi nilitaka mtu wa kukaa naye nimtaje mama. Tukafaana.

Kitabu cha kwanza kikatoka. Cha pili kikakifuata mbio kama ndama. Redio ya mjini ikaanza kuvisoma kila alasiri. Kisha baba mdogo Ekitela, mdogo wake baba, akasimama mlangoni kwangu na kitabu cha kwanza mkononi, yeye ambaye hajawahi kusoma hata paketi ya majani ya chai, akaniambia nimfukue mama yangu.

Hapo ndipo mlipotuacha, mimi nimeshika ufagio, yeye ameshika kitabu.

"Soma hapa," alisema. "Nimekunjiwa ukurasa."

Sikuhitaji kusoma. Nilikijua kitabu hicho hadi jalada lake. Juu ya jalada kuna msichana mwenye nywele zinazofika kiunoni, na nyuma yake mzungu ambaye shati lake halina vifungo. Msichana huyo eti ndiye mama. Mama alinyolewa pande zote mbili za kichwa tangu utotoni, na mzungu wa karibu aliyewahi kumjua alikuwa daktari wa mifugo mwenye kipara.

"Ni riwaya, baba mdogo. Imetungwa."

"Jina la mama yako si Akuam?"

"Ni Akuam."

"La kaka yangu si Lotukoi?"

"Ndilo."

"Burat ni hii, ama kuna nyingine Nairobi?"

"Ni hii."

"Basi nionyeshe fahali."

Kitabuni fahali hayumo.

Msomaji asiye Mturkana lazima aelewe jambo hili, la sivyo ataniona nalia bure. Kwetu, mwanamke haolewi kwa kupelekwa tu, hata mahari ikiisha yote. Siku ya harusi bwana harusi humchoma fahali mkuki, nyama ikaliwa na watu wakashuhudia. Hapo ndipo anakuwa mke, na watoto wanakuwa wa ukoo wa mume. Bila fahali, hata azae nyumba nzima, ni mgeni aliyekaa sana.

"Akuam alikuwa mgeni wa kaka yangu," Ekitela alisema. "Mgeni akifa anarudishwa kwao. Mpeleke Lokori kwa ndugu zake, na wewe mfuate. Hii ploti ni ya ukoo."

"Baba mdogo, umekula sufuria ya mama yangu mpaka meno yakakuishia. Hukuwahi kumwita mgeni."

"Hakukuwa na kitabu."

Hivyo ndivyo alivyonijibu, bila haya. Tangu kaunti ije na watu waanze kuzungumza habari za barabara kubwa na uwanja wa ndege, kila mzee wa Burat amegeuka kuwa mpima ardhi. Wanaume ambao hawajawahi kung'oa gugu sasa wanajua kila jiwe la mpaka lilipo. Ekitela alikuwa anangoja sababu. Bridget Mukami akamwandikia, akampigia chapa na kumwekea jalada.

Kikao cha ukoo kiliitwa wiki hiyo hiyo, kwenye ukumbi wa kanisa. Mkuu wetu, Mzee Nangiro, alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, kwa hiyo kila alipokuwa anatafakari alikuwa anayumba. Sala ikasemwa. Ekitela akasimama.

"Nilikuwa mtoto wakati huo, lakini nilikuwepo," alisema. "Hakukuwa na fahali. Kaka alimtorosha. Ndio maana imeandikwa."

"Imeandikwa na Mmeru," nilisema.

"Wameru hawajui kuandika?"

Watu wakacheka. Mzee Nangiro akainua mkono.

"Binti, wewe unasema fahali alikuwepo. Ulimwona?"

"Sikuwa nimezaliwa, mzee. Lakini nina mtu aliyemla."

Nilikuwa nimemleta Mzee Lobokat kwa boda, nimemfunga kwa dereva na leso ili asianguke. Lobokat alikuwa rika la baba. Yeye na baba walichunga pamoja na wakatumikia serikali ya mkoloni pamoja, kazi ya kuchanja ng'ombe. Macho yake sasa hayaoni, lakini mdomo haujambo. Tangu utoto wangu alikuwa akinionyesha kovu kwenye kidole chake na kusema, "Hii ni ya fahali wa baba yako. Nilivuta mbavu motoni kabla wazee hawajanigawia. Mafuta yakanilipa." Wote tuliokua Burat tulilijua kovu lile. Nilimleta nikiwa na hakika kama mtu anayeleta risiti dukani.

"Mzee Lobokat," Nangiro akamwita, "siku Lotukoi alipomchukua Akuam, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo! Niende wapi?" Akatabasamu kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Ilinyesha siku hiyo. Ilinyesha!"

Mama alisema harusi yake ilikuwa katikati ya kiangazi, vumbi mpaka kwenye uji.

"Endelea, baba," nilisema.

"Akuam alitoka mbio, nywele zimelowa, zimemgandia mgongoni. Lotukoi amewasha lori. Yule luteni wa kizungu anapiga kelele, 'Akuam! Usiniache!' Anapiga magoti kwenye matope. Mimi nimeshika taa ya lori, nawamulikia. Ilikuwa ya moto ile taa." Akainua kidole chake chenye kovu, watu wote wakione. "Ikaniunguza hapa."

"Na fahali, baba?" nilimuuliza. "Fahali uliyemla?"

"Fahali gani tena, mwanangu? Kulikuwa na wakati wa kula? Walikuwa wanapendana."

Machozi yakamtoka. Alilia kwa raha kabisa, mzee wa watu, kama mtu anayekumbuka ujana wake.

Wajukuu wake ndio wamemwekea redio kando ya kitanda ili anyamaze. Kila alasiri, sura moja. Marudio Jumamosi. Katika miezi hiyo yote Bridget Mukami alikuwa ameingia kichwani mwa yule mzee, akahamisha vyombo vyote, akabadilisha hata kovu.

Ekitela hakucheka. Hilo nalikumbuka. Alitazama sakafu.

Mzee Nangiro akayumba kwenye kiti chake kwa muda mrefu.

"Kila fahali ana rangi," alisema mwishoni. "Mturkana anaweza kusahau jina la mkwewe, lakini hawezi kusahau rangi ya fahali wa harusi. Binti, mama yako alikuambia rangi?"

"Aliniambia."

"Itaje."

Nikafungua mdomo.

Ndugu msomaji, mama aliniambia rangi ile mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa namkatiza: najua, mama, najua. Alikuwa akionyesha kwa mkono, anapitisha kidole kutoka jichoni kushuka shingoni, kitu fulani kilichoanzia hapa na kuishia pale. Mkono wake niliuona pale ukumbini, waziwazi, na shanga kwenye kiwiko. Rangi sikuiona. Kila nilipomtafuta fahali nilikuta lori.

"Naona itakuja," Nangiro alisema, na huruma yake iliniuma kuliko maneno ya Ekitela. "Rudi hapa Jumamosi. Lete rangi, na ulete mtu mwingine asiye wewe wa kuitaja rangi hiyo hiyo. Ukikosa, mama yako atasafirishwa kwao."

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa Bridget.

Alikuwa amepanga chumba kwenye gesti karibu na barabara kuu, kwa kuwa alisema lazima aandike akiwa Isiolo ili aipate "roho ya mahali". Pazia lilikuwa limefungwa, saa nane ya mchana. Nje ya dirisha lile kulikuwa na ngamia, miraa inashushwa, askari wawili wanabishana na mwenye mkokoteni. Yeye yuko ndani gizani, amevaa soksi, anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni akiiambia simu: "Upepo wa Isiolo ulinong'ona jina lake."

Upepo wa Isiolo haunong'oni. Upepo wa Isiolo unabeba mabati.

Hivyo ndivyo vitabu vile vilivyokuwa vikiandikwa, kama kuna mtu amewahi kujiuliza. Hawezi kuanza kabla hajajua mambo mawili: mvua itanyesha wapi na mwanamume ananuka nini. Siku ya kwanza aliniuliza, "Dada Peris, baba yako alikuwa ananuka nini?"

Nikamwambia, "Mbuzi."

Akafikiri. "Tuseme tumbaku na ngozi."

Nilimweleza habari za fahali siku hiyo hiyo. Nilimweleza yote: mkuki, nani anakula wapi, mafuta kupakwa bibi harusi. Naye aliinua uso akakunja pua. "Hapana, dada. Msomaji wangu analala na hiki kitabu. Akikuta matumbo harusini anakifunga." Akaleta lori badala yake. Akamleta luteni, kwa sababu eti mapenzi ya watu wawili hayatoshi vitabu sita, lazima wawe watatu. Nami nilinyamaza. Aliniuliza kama abadilishe majina, nikamwambia aache jina la mama. Nilitaka kulisikia likitamkwa na mtu ambaye si mimi. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine.

"Umemfanya Lobokat awe mwehu," nilimwambia safari hii, kabla hajaniambia kaa.

Nikamsimulia kikao. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono kifuani. Nilipofika kwenye kovu na taa ya lori, uso wake ukang'aa.

"Alisema ilimuunguza? Wueh! Hiyo sikuandika. Amejiongezea mwenyewe." Akachukua simu. "Naomba niitumie."

"Bridget."

"Samahani."

"Mama yangu anafukuliwa."

Akakaa kitandani. Kwa mara ya kwanza aliilaza simu kifudifudi, na ninakiri nilifurahi.

"Haki sikujua ng'ombe ni kitu kikubwa hivyo," alisema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Nilidhani ni karamu tu." Akasugua macho. "Nani mwingine alikuwepo?"

"Wote wamekufa. Amebaki Lobokat, na amebaki Ekitela."

"Ekitela alikuwa na miaka mingapi?"

"Mtoto wa kuchunga."

"Kuchunga nini?"

Nilitaka kumjibu kwa dharau, kwamba kwetu watoto hawachungi kuku. Nikakwama. Fahali wa harusi hutengwa mapema na kulishwa vizuri. Lazima awe na mchungaji. Mama alisema mchungaji wake alikuwa shemeji mdogo, aliyekataa kula nyama siku ile, akaenda kukaa nyuma ya zizi. Mama alilisema hilo kila mara huku akicheka. Sikuwa nimelikumbuka mpaka yule mwanamke wa soksi aliponiuliza swali la kijinga.

Kwa hiyo mtu mmoja tu duniani anayeijua rangi ya yule fahali ndiye aliyesimama kanisani kusema hakuwahi kuwepo.

"Hatasema," nilisema. "Hata umchome moto."

"Usimuulize." Bridget alikuwa amesimama tena, anatembea. "Dada, unajua watu huniandikia nini? Unadhani ni sifa? Ni kunisahihisha. 'Hilo lori halikuwa na milango miwili.' 'Shuka za wakati huo hazikuwa za rangi hiyo.' Kuna mzee wa Garba Tulla amenitumia meseji kumi na tatu kuhusu birika. Mtu anaweza kunyamazia uongo mkubwa, lakini kitu alichokipenda ukikikosea kidogo, hawezi. Ukweli unamtoka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuweke fahali. Wazee wanalifukuza lori, wanalikamata, wanadai fahali achinjwe. Naandika leo sura mpya ya redioni, nampelekea mtangazaji kesho asubuhi. Na tumpe rangi ya uongo."

Nilimtazama. Mwanamke huyu hajui kutofautisha mbuzi na kondoo aliyenyolewa. Lakini hilo alilijua, na nilichukia kwamba alilijua.

"Ila na wewe unipe kitu," akasema.

"Nikupe nini? Umeshachukua mama, baba, mpaka kovu."

"Alivyokufa. Maneno yake ya mwisho. Hujawahi kuniambia. Nayahitaji kwa kitabu cha sita." Akashusha sauti kama watu wa mazishini. "Ndiyo mwisho wa mfululizo mzima, dada. Bila hayo sina mwisho."

Niliangalia lile pazia lililofungwa. Nyuma yake nilisikia mtu wa mkokoteni akiwashinda askari kwa matusi.

"Washa simu," nilisema.

Akawasha.

"Alinishika mkono," nilianza. "Akasema, 'Peris, sikia mvua. Lotukoi amekuja kunichukua na lori.'"

"Ee Mungu," Bridget alinong'ona.

"Akasema, 'Mwambie luteni nimemsamehe.' Kisha akafumba macho."

Alilia, yule mwanamke, kamasi na machozi, akijipangusa kwa soksi aliyoivua. Hakujiuliza mama angemjuaje luteni ambaye yeye mwenyewe alimtunga kichwani. Alipoandika vya kwake alijua ni uongo, lakini wangu aliumeza mzima. Maneno ya kweli ya mama ninayo. Sijayaandika hata hapa gazetini, na msiniulize.

Siku iliyofuata, alasiri, nilikwenda Wabera kwa Asli. Asli anauza chai na maziwa ya ngamia, na redio yake ndiyo kubwa mtaani. Wakati wa hadithi wanawake huacha kazi zao na kujazana pale wakijidai wamekuja kununua sukari.

"Salaam aleikum," niliwasalimu, kwa kuwa dukani kwake ndivyo tunavyosalimiana sote.

"Aleikum salaam, binti wa luteni," Asli akajibu, wote wakaangua kicheko. "Keti hapa. Walahi leo nataka kujua kama mama yako atamrudia yule mzungu ama nitafunga duka."

Nikaweka simu yangu juu ya kaunta.

Mtangazaji akaanza. Ana sauti ya mtu aliyekunywa mafuta ya kupikia. Wazee wakalikamata lori kwenye kivuko, mvua ikinyesha, bila shaka. Wakamdai Lotukoi fahali. Na Lotukoi, machozi yakichanganyika na mvua, akamleta fahali wake, "mweupe kama maziwa, mweupe kutoka pembe hadi kwato, shingoni amevaa shada la maua ya porini, akipiga hatua kwa madaha kama bibi harusi mwenyewe."

"Maua?" mwanamke mmoja akauliza. "Ng'ombe si angeyala?"

"Nyamaza, ni mapenzi," Asli akasema.

Nilikuwa natazama simu. Nilijiambia ni upuuzi. Nilijiambia nimeuza kifo cha mama, hata kama ni cha uongo, ili mpumbavu mmoja amtege mpumbavu mwingine. Jumamosi itafika, nitasimama mbele ya Nangiro mikono mitupu, na vijana wa ukoo watakuja Burat na majembe.

Simu ikalia.

Ekitela.

Asli aliliona jina kabla yangu. Alijua kila kitu kwa kuwa nilikuwa nimemweleza asubuhi nikimsaidia kuosha vikombe. Akawapungia wanawake mkono wanyamaze. Nikabonyeza kitufe cha sauti kubwa na kuilaza simu kwenye kaunta, kati ya vikombe.

"Naam, baba mdogo."

Hakunisalimu. Nyuma yake nilisikia redio yake, sauti ile ile ya mafuta, ikisoma maneno yale yale yaliyokuwa yakisomwa juu ya kichwa changu.

"Nani amewaambia alikuwa mweupe?"

"Maua," akasema. "Maua! Ng'ombe wa heshima kama yule mnamvika maua kama msichana wa kwaya. Alikuwa na kengele. Kengele ya mbao, mimi nilimfunga kwa mikono yangu. Kila asubuhi nilimpeleka mtoni peke yangu, hakukubali mtu mwingine. Nilikuwa nalala naye, Peris. Mgongo wake ulikuwa..."

Akanyamaza. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Nilingoja nisikie akikata. Hakukata. Nilisikia pumzi yake, nzito, ya mzee, na ghafla pumzi hiyo haikuwa ya mtu aliyenijia mlangoni na kitabu. Sikuitaka ile huruma. Nilikuwa nimezoea kumdharau, ilikuwa rahisi zaidi.

"Alikuwa wa rangi gani, baba mdogo?" nilimuuliza polepole.

Redio zetu mbili zikaendelea kusoma. Mtangazaji akalitaja jina la mama. Likasikika mara mbili, kwake na kwangu.

"Uko peke yako?" akauliza.

Niliwatazama wale wanawake. Mmoja ameshika sukari kifuani. Mmoja amemziba mtoto wake mdomo. Asli ameinama juu ya kaunta, sikio karibu na simu, kata ya maziwa imebaki hewani inadondosha. Mtu mwingine asiye mimi, Nangiro alisema. Hapa walikuwa wamejaa duka.

"Niko peke yangu," nikasema.

Akakohoa. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, ya mtu anayesema na mnyama.

"Alianzia hapa jichoni," alisema. "Hapa jichoni palikuwa na..."

Mtangazaji alikuwa amefika mahali pa busu, akapaza sauti, na neno la Ekitela likapotea chini yake. Asli akang'ata mdomo. Hakusikia, na mimi sikusikia. Akanyoosha mkono nyuma yake, akaizima redio.

Duka likawa kimya kabisa. Upande wa pili, ya kwake ikaendelea kusoma peke yake.

"Peris," Ekitela akasema. "Nani amezima redio?"